Kwa Nini Waliniita Mama Mizani

Migori, Jumanne mchana

Ochola mwanangu,

Umeenda mjini kuagana na wenzako, dada yako Achieng amepeleka mashati yako kwa jirani kuyapiga pasi kwa sababu tokeni za stima zimetuishia, na mimi nimebaki na kuku. Nimeona nitumie nafasi hii. Nikingoja urudi, utanisalimu kwa adabu kama unavyonisalimu tangu Jumapili, nami nitakuuliza kama umekula, utasema ndiyo, na kesho utaondoka hivyo hivyo.

Usishangae kuona Kiswahili. Dholuo ndiyo lugha ya nyumba yetu, najua. Lakini haya ninayotaka kusema, nikiyasema kwa Dholuo yana mwendo wake wa kuomboleza ambao kila mwanamke wa hapa anaufahamu, na ukishauanza mwendo ule lazima uufikishe mwisho. Mimi siwezi. Kiswahili ndicho nilichofanyia kazi, na hii ni habari ya kazi, angalau nusu yake.

Sitakufundisha kuishi Ghuba. Habari za joto, za wenzako wa chumbani, za kuweka pasipoti mahali salama, dada yako amekueleza mpaka umechoka. Mimi sijafika huko. Nilikofika ni uwanja wa ndege wa hapa Migori, wakati ulikuwa nyasi na udongo wa murram tupu. Na hiyo kazi unayokwenda kufanya, ya kupakia na kupakua mizigo ya ndege, ndiyo iliyonilisha kabla hujazaliwa. Unalijua hilo kijuujuu tu. Sikuwahi kukaa chini nikakueleza, na sasa naona wengine wamekueleza kwa niaba yangu.

Baba yako mdogo Odhiambo alisimama Jumapili, kwenye chakula cha kukuaga, akakuombea, na ni haki yake, kwa sababu baba yako hayupo na yeye ndiye aliyebaki. Alikuwa ameshiba vizuri. Alianza na Mungu, akaja kwa baba yako, kisha akateleza akafika kwangu. Ulikuwa umekaa pembeni yake na soda mkononi.

"Huyu kijana hakuona baba yake," akasema. "Ile siku tulileta ndugu yangu na ndege, sisi wote tunalia pale kwa uwanja, bibi yake alikuwa anapima watu kwa mizani. Panda. Shuka. Next. Panda. Shuka. Next. Ndio mnasikia anaitwa Mama Mizani."

Watu walicheka kidogo, halafu wakaangalia sahani zao. Jioni ulinifuata jikoni.

"Mama, hiyo maneno ya Baba Odhiambo ni ukweli?"

"Ni kweli."

"Ulikuwa unapima watu, na Baba ako kwa sanduku?"

"Ndiyo."

"Na hukulia?"

"Sikulia."

Ulisimama pale mlangoni, nami nikaendelea kuchambua maharagwe. Kisha ukasema, "Jumatano usijisumbue kuja Kisumu. Achieng atanipeleka airport," ukatoka. Majibu yangu yote yalikuwa ya kweli na hayakukusaidia kitu. Kwa hiyo nayarudia hapa kwa urefu wake.

Nianze na hilo jina. Umekua ukilisikia sokoni na ukadhani ni la biashara. Lakini Ochola, mimi nauza dagaa wa omena. Tangu lini omena ikapimwa kwa mizani? Omena hupimwa kwa mkebe wa gorogoro, na umeibeba hiyo gorogoro tangu ukiwa mdogo. Hukuwahi kujiuliza mizani ilitoka wapi. Sikulaumu, mtoto hachunguzi jina la mama yake. Jina hilo nilipewa na wanawake wa boma letu wiki ile ya mazishi, na halikuwa jina la kunisifu.

Mizani yenyewe ilikuwa ya kampuni. Ilikuwa kampuni ndogo, yenye ndege ndogo za pangaboi, na safari yetu ilitoka Nairobi, ikapita Homa Bay, ikamalizia hapa Migori kisha ikarudi njia ile ile. Ndege ndogo haina mchezo. Ni lazima ujue kila kilichomo kina uzito gani, sanduku na mwenye sanduku, ili wazito wakae mbele na rubani ajue kama ataruka kabla uwanja haujamwishia. Kwa hiyo tulipima watu. Kila abiria alipanda mizani mbele ya wenzake, na waliokuja kutazama ndege wakiwa wamejipanga kwenye ua.

Sasa fikiria Migori ya wakati ule. Mizani watu waliijua, lakini waliijua kwa mifugo, samaki na majani ya tumbaku. Mama mmoja mzee kutoka Kehancha, mwanawe alimkatia tikiti akamwone mjukuu Nairobi, alifika mbele yangu akaitazama ile mizani, akanitazama na mimi.

"Mimi si tumbaku," akasema. "Mnipime ya nini? Mnataka kuniuza?"

Tulibembeleza mpaka rubani mwenyewe akashuka akapanda mizani mbele yake, ndipo akakubali. Kulikuwa na diwani mmoja aliyekuwa akivua koti, viatu na saa, akitoa na funguo mfukoni, kisha anapanda amebana pumzi. Wanaume wana haya na kilo zao kuliko wanawake, usidanganyike. Mwenzangu wa kazi, Marwa, mtu wa Ntimaru, alikuwa akisoma namba kwa sauti, na kabla ndege haijaruka namba ya mwalimu mkuu ilikuwa imeshafika sokoni. Mimi sikusoma kwa sauti hata siku moja. Niliandika kwa chaki kwenye ubao wangu mdogo, nikafuta, nikaita mwingine. Nikijisifu kwa jambo moja katika kazi ile, ni hilo. Utashika mizigo ya watu wengi huko. Mengine utakayoyaona humo yaache humo.

Bosi wetu alikuja mara moja kutoka Kisumu kutufundisha. Alisema abiria husoma habari za ndege kwenye uso wa karani. Ndege ikichelewa, ikipotelea mawinguni, uso wako usibadilike. Aliuita uso wa kazi. Marwa aliushindwa, kicheko kilikuwa kinamtoka hata akibanwa. Mimi nilikuwa hodari. Kuna siku mvua ilitanda juu ya ziwa, redio ikanyamaza mchana kutwa, na wazazi waliokuja kupokea watoto wao walikuwa wananiangalia mimi tu. Nikawa nawaambia "inakuja, inakuja," huku mimi mwenyewe sijui iko wapi. Ikaja kweli. Bosi aliposikia akanisifu mbele ya watu. Nikaenda nyumbani nimefurahi, nikiwa sijui nimejifunza nini.

Huko uendako watakufundisha uso huo huo. Ujifunze, mwanangu, utakusaidia na wakubwa wa kazi na wenye vurugu. Mimi sikufundishwa namna ya kuuvua nikifika nyumbani, na sikuuliza.

Baba yako nilimpata kwa mizani hiyo hiyo. Nimecheka kidogo kuandika hivyo. Alikuwa karani wa wavuvi wa kwetu Muhuru Bay, akileta mbuta katika makasha ya barafu yapelekwe hoteli za Nairobi. Kila mara tulibishana. Yeye anataka nipime samaki, mimi napima samaki na barafu na kasha, kwa sababu ndege haijui samaki ni yupi na barafu ni ipi. Halafu nakaa natoa uzito wa kasha, natoa wa barafu, namwambia samaki wake ni kiasi gani. Nikawa hodari wa kutoa kichwani.

Siku moja alimaliza makasha yake akapanda mizani yeye mwenyewe.

"Na mimi nipime," akasema.

"Wewe unasafiri?"

"Sisafiri. Nataka tu mtu mmoja Migori ajue uzito wangu."

Marwa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliandika kwa chaki, nikafuta. Tangu siku hiyo akawa anapanda kila akija, na kila mara ananiuliza kama amekonda kwa kunifikiria mimi, nami namjibu kwamba ameongezeka. Hata baada ya kuoana na Achieng kuzaliwa, akileta samaki lazima apande. Uzito wa baba yako niliujua kama ninavyojua ukubwa wa sufuria zangu.

Kisha akaugua ini. Baba yako mdogo Odhiambo alikuwa Nairobi, akamchukua akatibiwe huko, na hilo sitalisahau, alimhangaikia ndugu yake kwa kila hali. Mimi nilibaki kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya mimba yako. Zilikuja habari kwamba ana nafuu, zikaja kwamba hana, zikaja tena kwamba ana nafuu. Kisha zikaja za mwisho. Kampuni ilisema itamleta kwa ndege yetu, kwa kuwa mimi ni mfanyakazi wao. Niliambiwa nisije kazini, Marwa atasimamia kila kitu. Mke hakai uwanjani siku kama ile. Mke hukaa nyumbani na wanawake, akangoja mume wake aingie langoni, kisha atoe sauti ya kilio. Unajua mwenyewe.

Nikakaa na wanawake. Dani yako, mama wa baba yako, alikuwa amenishika mkono. Ndipo askari wa uwanja akaingia na baiskeli mpaka kwenye ua, matope mpaka magotini, akasimama mbali kidogo.

"Min Achieng," akaniita kwa jina la mtoto wangu. "Marwa hajafika. Mto umejaa huko Ntimaru, hakuna gari inapita. Na ndege imeshaita kwa redio, inauliza, hakuna mtu wa kujibu."

Elewa hapa, maana hapa ndipo Odhiambo hakukueleza, na pengine yeye mwenyewe mpaka leo hajui. Sheria ya kampuni ilikuwa rubani asishuke Migori kama hakuna sauti chini inayomwambia upepo ukoje na kama ng'ombe wametolewa kiwanjani. Ng'ombe walikuwa wakilisha pale kila siku. Bila sauti, ndege ingegeuka irudi Homa Bay, na mzigo wa Migori ushushwe huko ungoje. Barabara ya kutoka Homa Bay ilikuwa tope tupu. Baba yako angelala kwenye banda la Homa Bay, mbali na nyumbani kwake.

Wenye kujua ile redio tulikuwa Marwa na mimi. Nikasimama. Nikaingia chumbani nikavaa sare.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, kama unatafuta kosa. Hakuna aliyeniambia nivae sare. Ningekwenda na lile gauni jeusi nililokuwa nalo, nikajibu redio, ingetosha. Lakini sikuwa nimewahi kuingia ile ofisi bila sare, na mikono ilikwenda yenyewe kwenye sketi ya buluu na skafu ya shingoni. Sketi haikufunga kwa sababu yako, nikaishika kwa pini. Nilipotoka nje hivyo, wanawake wote waligeuka. Dani yako aliniangalia kuanzia skafu mpaka viatu.

"Nyar Muhuru," akasema, akiniita kwa jina la kwetu, "unaenda kazini?"

Nikasema, "Naenda kumteremsha."

Nafikiri alisikia kana kwamba naenda kupakua mzigo. Sikuwa na nafasi ya kueleza. Askari alinipakia kwenye baiskeli.

Tulifukuza ng'ombe, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine. Nikaingia ofisini nikaita. Rubani wetu tulimwita Kapteni tu, mtu wa Nyeri, mpole. Nikamwambia uwanja uko wazi.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi."

Nilisikia injini juu ya mawingu kabla sijamsikia yeye.

"Pole sana, Mama Achieng. Si wangetuma mtu mwingine?"

"Upepo unatoka upande wa ziwa," nikamwambia. "Kidogo tu. Uwanja umelowa upande wa juu, shuka upande wa chini."

Hayo ndiyo maneno niliyompokea nayo mume wangu. Sikuyachagua.

Ndege ikatua. Watu wetu walikuwa wameshafika, wanaume na pickup, wanawake wengine wa ukoo, na kilio kilianza mlango wa ndege ulipofunguliwa. Odhiambo alishuka wa kwanza, kwa maana alisafiri naye. Kapteni akanipa karatasi ya mzigo kama kawaida. Ochola, nilikuwa nimeipokea karatasi ile mara nyingi mno, na macho yangu yalijua pa kwenda. Yalikwenda kwenye uzito.

Sikufikiri. Nilitoa uzito wa mbao za sanduku, kama nilivyokuwa nikitoa uzito wa kasha na barafu. Nikatoa na wa vyuma vya kushikia. Kilichobaki hakikuwa uzito wa mume wangu. Kilikuwa uzito wa mtoto wa shule. Nikarudia kutoa, nikidhani nimekosea, jibu likawa lile lile. Nikajua alivyokuwa amekwisha, na hao waliokuwa wakiniletea habari za nafuu hawakuniambia.

Wengine hujua wakiona uso. Mimi nilijua kwa hesabu, nimesimama kwenye tope na kalamu mkononi. Na mahali pale, mwanangu, kitu kilifungwa. Siwezi kukieleza vizuri zaidi. Sikuhisi uchungu, sikuhisi hasira. Nilihisi sare kunibana tumboni, na wewe kupiga teke, basi.

Odhiambo alikuwa karibu yangu analia kwa sauti. Nikamgeuzia ile karatasi.

"Shemeji, weka sahihi hapa. Aliyepokea."

Aliniangalia. Akaweka. Namwelewa mpaka leo kwa nini hajaniwia radhi. Angenipiga pale ningemwelewa pia.

Pickup ikapakiwa. Wakaniita niingie mbele. Lakini ndege ilikuwa na abiria wa kurudi nayo, wamejikunyata chini ya paa la ofisi na mizigo yao, na mawingu yalikuwa yanarudi. Bila kupimwa hawawezi kupanda, na Kapteni hawezi kulala Migori. Nikawaambia wenye pickup watangulie. Ndiyo, niliwapima. Wa kwanza alikuwa Hajji wa duka la vitambaa, aliyekuja Migori kutoka Garissa akaoa hapa hapa. Alikuwa amesimama mbele ya mizani na hataki kupanda.

"Mama, leo tuache. Wallahi, tuache leo."

"Panda, Hajji."

"Mimi najua kilo zangu. Andika tu ile ya mwezi jana."

"Panda."

Akapanda ameziba uso kwa kitambaa, machozi yanamtoka, yeye ambaye si ndugu yetu. Nikaandika kwa chaki, nikafuta, nikasema, "Next." Ni kweli nilisema hivyo. Odhiambo alisikia vizuri, pickup ilikuwa bado inajaribu kuondoka kwenye tope.

Ndege iliporuka nilibaki kwenye redio, kwa sababu karani haondoki mpaka rubani aseme amefika Homa Bay. Alipofika akasema, "Nenda nyumbani sasa, dada." Nikafunga ofisi. Nikafika nyumbani kwetu wa mwisho, kwa miguu, mume wangu ameshaingia langoni bila mimi. Wanawake walikuwa wameshalia kilio cha kwanza na wamechoka. Walinifungulia njia, wakangoja sauti yangu. Nikafungua kinywa, haikutoka. Hata siku ya kuzika haikutoka. Wiki ile ile wakanipa jina.

Wewe ulizaliwa baadaye, ukaitwa Ochola, kama anavyoitwa yeyote anayezaliwa baba ameshazikwa. Kila nikikuita, naita msiba huo kwa jina lake. Nimekuita hivyo maisha yako yote bila sauti yangu kutetemeka, na labda hilo nalo umelisikia.

Kampuni haikudumu. Barabara zilitengenezwa, samaki wakaanza kwenda kwa lori, na siku moja tuliambiwa turudishe sare. Nilirudisha sketi na skafu. Ule uso haukuorodheshwa, nikabaki nao.

Mengine unayajua kwa sababu ulikuwepo. Ulipoanguka kwenye mpera mkono ukavunjika, nilikubeba mpaka hospitali, nikajibu maswali yote sawasawa, na daktari akaniuliza kama mimi ni jirani aliyekuokota. Ulikuwa mapajani mwangu, ulisikia. Na siku ulipopata matokeo ya Form Four, ulikimbia kutoka barabarani ukaniambia, nami nikasema, "Vizuri. Nawa mikono, ule." Niliona uso wako ukianguka. Niliona, Ochola, na nilijua la kufanya, ilikuwa ni kusimama tu nikukumbatie, wala si kazi ngumu. Nikakupakulia chakula. Nikaongeza nyama kwenye sahani yako nikidhani utaelewa. Mtoto ataelewaje kwa nyama?

Nilifikiri mtu akishapita jambo bila kuanguka, amelishinda. Nikawa najivuna kimoyomoyo. Wenzangu wajane walilia, wakaugua, wakagombana na wakwe, kisha siku moja nikawaona wanacheka sokoni kwa moyo wote. Mimi sikuugua. Kucheka nacheka, lakini kwa kipimo. Miaka yote hii nimekuwa nangoja hicho kilichofungwa kifunguke chenyewe. Sasa sidhani kama kinafunguka chenyewe.

Kwa hiyo nakuomba hili moja, si amri. Ukipata habari mbaya huko, na kazini hawatakupa nafasi, maliza zamu yako kama inabidi. Lakini ukitoka mtafute mtu, hata yule usiyempenda, ukae karibu naye ukiwa bado umechafuka. Usioge kwanza. Usipange maneno kwanza.

Nilimpenda baba yako. Naliandika mara moja kwa sababu sijawahi kulisema, na sitaki ulisikie kwa mara ya kwanza siku ya kunizika mimi, kwa mdomo wa Odhiambo.

Hivi sasa nakuandikia na bado sihisi kitu, ili usidhani karatasi hii imelowa machozi. Haijalowa. Nimejaribu tangu asubuhi. Nimeangalia begi lako limefungwa, nimeangalia kitanda chako, nikasimama katikati ya chumba nikingoja. Nilichofanya ni kukunja blanketi. Naogopa, hilo nalijua. Naogopa nitakuona unaingia ule mlango wa kioo wa airport na nitafikiria kama begi lako limezidi kilo.

Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako vya safari, uione leo kabla hujalala. Ukiwa umekasirika bado, kasirika.

Lakini kesho nakuja Kisumu. Uliniambia nisijisumbue, nami nakuja. Wazazi wengine watakuwa wanalia pale na kuomba kwa sauti. Mimi utaniona nimesimama, uso mkavu, na watu wataniangalia kama walivyozoea. Usione haya, wala usinieleze kwa mtu. Njoo tu unipe mkono wako, na usiutoe haraka, hata wakikuita.

Kwa sababu kuna jambo Odhiambo hakulisema, kwa kuwa hakuliona. Siku ile nilielekeza kila mkono uliobeba, nikawaambia wainue wapi na washushe wapi, na mimi mwenyewe sikuligusa lile sanduku. Hata kwa kidole. Nilikuwa nimeshika karatasi na kalamu, kisha nikashika chaki, kisha redio, na nilipomaliza vyote walikuwa wameshaondoka naye.

Kesho sitashika kitu.

Ni mimi mama yako,
Min Achieng gi Ochola